Sura ya Nne: Kuitwa Ukiwa Kazini

Muulize kijana wa Bahi, mkoani Dodoma, aliyemaliza kidato cha nne mtu mwenye wito ni nani, na mara nyingi atakutajia mchungaji, padri, sista, au mwinjilisti aliyeacha kila kitu akaenda mbali kuhubiri. Siku hizi huenda akaongeza mwingine: yule mnenaji wa semina anayesema kila mtu ana kusudi kubwa lililofichika ndani yake, na kwamba akiligundua atatoka kijijini, atang'ara, atatajwa. Picha hizi mbili zinaonekana kugombana, maana ya kwanza inadai kujinyima na ya pili inaahidi kufanikiwa. Lakini kuna jambo zinalokubaliana, nalo ni kwamba wito uko mahali pengine na sharti uhame ndipo uupate. Anayebaki kulima mpunga kwenye majaruba, kuchunga, kuendesha bodaboda hadi Kigwe, au kukaa dirishani katika ofisi ya halmashauri, huyo hakuitwa, amebaki tu. Nadhani wazo hili ni potofu, na upotofu wake una madhara, kwa kuwa ndilo linaloufanya Ukristo wa watu wengi unenepe siku ya Jumapili na kukonda siku ya mnada. Ninachokusudia kuonyesha hapa ni kwamba kwa walio wengi wito huanzia katika kazi ambayo tayari wanaifanya, na kwamba maisha ya Kikristo hujipambanua hasa pale ambapo kazi hiyo inampa mtu nafasi ya kujinufaisha kwa kufanya kama wengine wafanyavyo.

Ushahidi wa kwanza umo katika sura ya tatu ya Injili ya Luka, nao unashangaza ukiusoma taratibu. Watu wanamwendea Yohana Mbatizaji nyikani na kumuuliza wafanye nini. Miongoni mwao wamo watoza ushuru, waliochukiwa kwa kuitumikia dola ya Rumi na kujilipa kwa kuzidisha, na wamo askari. Tungetazamia nabii wa aina ile, mla nzige na mvaa singa za ngamia, awaamuru waziache kazi hizo leo hii. Hafanyi hivyo. Watoza ushuru anawataka wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari anawakataza kupora na kusingizia, na anawataka waridhike na mshahara wao. Maana yake ni kwamba mtoza ushuru aliyetubu kesho yake asubuhi yuko pale pale, kwenye meza ile ile, na daftari lile lile. Kilichobadilika ni tarakimu anayoiandika. Zakayo naye, anapoahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, hatusomi popote kwamba aliacha kazi. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anamshauri kila aliyeamini akae katika hali aliyokuwa nayo alipoitwa, huku yeye mwenyewe akiendelea kushona mahema ili asimlemee mtu. Wavuvi wa Galilaya waliacha nyavu zao, ni kweli, na nitawarudia. Ila walikuwa watu wachache, na tumekosea kuwafanya kigezo cha kila mbatizwa.

Ushahidi wa pili hauko mbali na Bahi. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Mwaka huo njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya ilikuwa ikianza kuikaba nchi yao. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao Waingereza, yalikuwa yamekomba ng'ombe na nafaka na kuwachukua wanaume kubeba mizigo ya vita. Mvua nazo zikagoma. Hadi njaa hiyo inakwisha mwaka 1920, inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikuwa wamekufa, karibu mmoja kati ya kila watano. Mtoto huyu aliyenusurika alichunga mbuzi, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki, akawa mwalimu, kisha akaingia serikalini kuwa karani wa kodi, na baadaye akapanda hadi kazi za uliwali na uhakimu. Kwa anayedhani wito ni altare peke yake, maisha haya yanasomeka kama ya mtu aliyekaribia kuitwa akapotea njiani. Alikuwa na elimu ya dini, akaishia kwenye madaftari ya kodi, yaani kwenye kazi ile ile ambayo Yohana Mbatizaji hakuwaambia watu waiache.

Tazama basi alichokifanya akiwa humo. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambacho hadi leo huwezi kuandika kwa makini juu ya Ugogo bila kukipitia. Mwaka 1963 ikatoka diwani yake, na mwaka huo huo Utenzi wa Enjili Takatifu. Miaka miwili baadaye, Utenzi wa Zaburi. Inafaa tusimame hapa kidogo. Utenzi ulikuwa mali ya pwani, umelelewa na masheikh na masharifu wa Lamu, Pate na Mombasa, ukaimba maisha ya Mtume na vita vya mwanzo vya Uislamu. Mgogo wa bara, aliyekulia katika Kigogo na kubatizwa Mkatoliki, aliichukua bahari hiyo ya ushairi na kuitungia Injili, bila kuwanyang'anya wenyewe na bila kuwatukana. Zaidi ya hapo, aliaminiwa na washairi wenzake, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, akawa mwenyekiti wa chama chao cha UKUTA. Ngonjera alizozieneza kuunga mkono Azimio la Arusha nyingi zinachosha kuzisoma leo, na sioni haja ya kuzitetea. Ila mtu huyu alikuwa Mkristo dhahiri, hakuficha, na hakuhitaji kujitenga ili aonekane. Upekee wake ulikuwa ndani ya ufundi wenyewe: aliujifunza kwa unyenyekevu kutoka kwa wasio wa dini yake, akauhitimu, kisha akaufanyia kazi ambayo wao wasingeweza kuifanya. Kama angejiunga na seminari, pengine tungepata padri mwema mmoja zaidi. Utenzi huo nani angeutunga?

Wa tatu ni mgeni aliyekuja kufanya kazi Dodoma. Festo Kivengere, mzaliwa wa Uganda, alifika katikati ya miaka ya 1940 kufundisha katika shule ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo kwa heshima ya mtemi wa Mvumi, na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikuwa mwalimu wa darasani. Alihubiri kila alipopata nafasi, akajulikana Afrika Mashariki nzima na kwingineko, lakini kasisi hakuwa. Alibarikiwa mwaka 1967, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuhubiri akiwa mlei. Ushupavu alioonyesha alipokuwa askofu wa Kigezi, alipolazimika kukimbia nchi baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mnamo Februari 1977, na kisha kuandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, haukushuka kwa ghafla pamoja na kilemba cha uaskofu. Ulikuwa umefanyiwa mazoezi kwa miaka mingi katika maisha ya mwalimu wa kawaida, aliyelazimika kuomba radhi kwa wenzake na kusema kweli mbele ya wakubwa wa kizungu.

Kivengere alitoka katika uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Tanganyika na kuzaa watu walioitwa walokole. Huu ni ushahidi unaopaswa kusomwa kwa pande zote mbili. Katika ubora wake uamsho ule ulijulikana kwa matendo yaliyogharimu: mtu alirudisha jembe aliloiba miaka kumi nyuma, karani alikwenda kwa bwana wake na kukiri fedha alizochukua, mmisionari alimwomba radhi Mwafrika hadharani. Kule Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, wakakataa pia kubeba silaha upande wa serikali, na baadhi wakauawa kwa hilo. Lakini moto wa aina hiyo hupoa, na ukipoa huacha majivu yenye umbo la orodha ya makatazo. Katika vijiji vingi vya Ugogo mlokole alikuja kutambulikana kwa kutokunywa pombe ya uwele na kutokwenda ngomani. Sidharau kujizuia na ulevi. Pombe imefukarisha nyumba nyingi. Ninachosema ni kwamba makatazo hayo yalikuwa rahisi kuonekana na rahisi kupimwa, kwa hiyo yakashika nafasi ya yale magumu. Mtu aliweza kuwa msafi mbele ya chungu cha pombe na mwizi mbele ya mizani, na kanisa likamwona msafi.

Kwa hiyo tuseme juu ya mizani. Wilaya ya Bahi, iliyo kilometa zaidi ya 50 magharibi mwa jiji la Dodoma, ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi mvua hiyo haitoshi. Uwele na mtama huvumilia. Utajiri wake wa pekee uko katika bonde ambamo mto Bubu, unaotoka upande wa Kondoa, humwaga maji yake; hapo ndipo panapolimwa mpunga uliolifanya jina la Bahi lijulikane kwenye masoko ya mchele. Kilimo hicho kinategemea mambo mawili ambayo kila mkulima wa skimu ya umwagiliaji anayajua. La kwanza ni zamu ya maji. Mfereji ni mmoja na majaruba ni mengi, na anayefungua maji usiku wakati zamu si yake anakausha shamba la jirani, bila shahidi. La pili ni lumbesa. Mnunuzi anakubaliana na mkulima bei ya gunia, kisha gunia linajazwa, linashindiliwa, linaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, hadi kinachobebwa kinazidi sana kile kilicholipiwa. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, wakuu wa wilaya nchi nzima wanakemea kila msimu, na lumbesa ipo. Yesu anapozungumzia kipimo kilichoshindiliwa hadi kumwagika anamsema anayetoa. Huku kwetu mbinu hiyo hiyo imekuwa stadi ya anayechukua.

Nimechagua mambo haya madogo kwa makusudi. Ukitaka kujua kama Ukristo umefanya tofauti yoyote katika bonde hili, ambako Waanglikana na Wakatoliki wamehubiri kwa miongo mingi, usihesabu makanisa wala kwaya. Uliza kama mnunuzi Mkristo anajaza gunia kwa namna nyingine kuliko mnunuzi asiye Mkristo. Uliza kama mzee wa kanisa hufungua maji usiku. Uliza kama karani wa halmashauri anayeimba sauti ya nne huhitaji kupewa "ya soda" kabla hajatafuta faili. Haya ndiyo mambo ambamo mtu angenufaika kwa kutojitofautisha, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayopima. Yule anayepata hasara kwa ajili ya kilo zilizo sawa ameitikia kitu. Huyo ana wito, hata kama hakuwahi kuota ndoto wala kuombewa na mtu maarufu.

Hapo wapo watakaopinga, na upinzani wao wa kwanza ni mzito. Watasema kumwambia mkulima wa Bahi kwamba wito wake ni pale alipo ni njia nzuri ya kumfunga pale alipo. Maneno ya Paulo juu ya kukaa katika hali yako yaliwahi kusomwa kwa watumwa, na Ugogo, nchi iliyopitiwa na misafara iliyokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na Tabora, haina haja ya kufundishwa utumwa ni nini. Nakubali kwamba yalitumiwa vibaya. Lakini waliowasomea watumwa maneno hayo waliruka mstari uliofuata, maana hapo hapo Paulo anasema mtumwa akiweza kupata uhuru na autumie. Kukaa katika kazi ni tofauti na kukaa katika dhuluma iliyomo ndani ya kazi. Kijana anayetaka kusoma uuguzi au kwenda kufanya biashara Dodoma mjini, hasa tangu serikali ilipohamia huko kuanzia mwaka 2016, hana sababu ya kujisikia msaliti. Ninachokanusha ni dhana kwamba ataanza kuwa mtu wa Mungu akishafika huko. Tena tukumbuke kwamba mafundisho ya kuhama yana ukatili wake: yanawaambia maelfu ambao hawatahama kamwe, kwa sababu ya umri, wazazi wa kutunza au ukosefu wa nauli, kwamba maisha yao ni chumba cha kusubiria.

Upinzani wa pili unatoka upande mwingine, kwa wanaochoshwa na neno lenyewe la maisha ya pekee. Wanasema Mkristo aliyejitenga ndiye aliyewafundisha Wagogo kuona aibu mambo yao. Wana hoja. Kizazi cha kwanza cha waumini kiliambiwa mengi kuhusu ngoma ambayo leo hakuna mchungaji angeyarudia bila kusita. Lakini historia yenyewe imekwisha kutoa jibu: ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, na mitindo ya uimbaji wa Kigogo vimeingia kanisani, na waabuduo hawakugeuka wapagani. Kilichokuwa kimedhaniwa kuwa mpaka wa imani kilikuwa mpaka wa mazoea ya wageni. Kosa lilikuwa kuutafuta upekee katika sauti ya ngoma. Ukihamishiwa kwenye gunia na mfereji, hauna ugomvi wowote na mila. Mzee wa Kigogo asiyewahi kubatizwa anaelewa vizuri kabisa kwa nini kuiba maji ya jirani ni uovu, na pengine atamheshimu Mkristo kwa mara ya kwanza atakapomwona akiyaacha yapite.

Na wale wavuvi walioacha nyavu? Wapo wanaoitwa kuondoka, na kanisa lisilo nao hufa. Yohana Omari, aliyelelewa Mwislamu, akawa mwaka 1955 askofu wa kwanza Mwafrika katika kanisa la Anglikana la Tanganyika, akiwa msaidizi katika dayosisi ya Tanganyika ya Kati yenye makao Dodoma; huyo alivuka mito isiyo na daraja. Bado naona kwamba hata kuondoka kwa haki hujaribiwa kwanza nyumbani. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na aliposimama Betheli kuwashutumu wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei, alisema kama mtu anayejua sokoni kunatendeka nini. Ugogo una mfano mwingine ulio wazi zaidi, ingawa hauandikwi vitabuni: katekista wa kijiji. Anaongoza ibada karibu kila Jumapili, anazika, anafundisha wa kipaimara, na anaishi kwa jembe kama wanaomsikiliza, kwa sababu posho yake ni ndogo au haipo. Kanisa la nchi hii limekua zaidi kwa mikono yake kuliko kwa mikono ya walioondoka. Hatumhesabu miongoni mwa wenye wito mkubwa, na hilo linaonyesha jinsi tunavyohesabu vibaya.

Upinzani wa mwisho ndio ninaoona mgumu kuliko yote, kwa sababu haupingi wazo bali unaonyesha upungufu wake. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anawasha lori na kwenda kwa jirani. Mkulima huyo huenda alikwisha kopa wakati mpunga ungali mbichi shambani, na deni linaiva pamoja na mavuno. Hana uwezo wa kungoja bei wala wa kuchagua mteja. Mnunuzi naye akiamua kupima kwa haki, atashindwa kushindana na wenzake watatu wasiojali. Upekee wa mtu mmoja mmoja, hapa, unaweza kumfilisi bila kubadilisha chochote. Nakubali. Ndiyo sababu nasita kila nikisoma vitabu vinavyozungumzia wito kama siri kati ya mtu na Mungu wake tu. Mitume hawakuwaandikia watu binafsi kwa kawaida, waliandikia makutaniko. Kama kujitofautisha kunagharimu, lazima gharama igawanywe, na chombo cha kuigawanya tayari kipo. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Waanglikana na Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumba kwa nyumba. Vinakutana kila wiki, vinajuana kwa majina na kwa madeni, na vinaweza kukusanya fedha za msiba ndani ya siku moja. Vikundi hivyo hivyo vinaweza kukubaliana kwamba familia zake hazitauza gunia lenye kilemba, zikauza pamoja kwa kilo mbele ya mzani mmoja, na kumlipia mwenzao deni la msimu ili mpunga wake ukae ghalani hadi bei ipande. Karibu kila kikundi kina mweka hazina na daftari la michango ya harusi. Daftari hilo lina kurasa tupu za kutosha.